Wati Moja ya Kusubiri

Runinga iliyozimwa kwa rimoti haijazimika. Kipokezi cha rimoti na chipu ndogo viko macho, vikingoja kidole kibonyeze. Kazi hiyo haihitaji hata nusu wati, lakini runinga nyingi za miaka ya 1990 zilikula wati kadhaa zikiwa kimya. Pawasaplai ileile kubwa iliyoendesha runinga nzima ndiyo iliyoachwa ikifanya kazi ili kulisha chipu moja, na umeme mwingi uliishia kuwa joto.

Alan Meier wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, akapendekeza kila kifaa kinachosubiri kisizidi wati 1. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati likaubeba mpango huo. Ulaya iliweka ukomo wa wati 1 mwaka 2010, kisha nusu wati mwaka 2013 kwa kifaa kisichoonyesha taarifa yoyote.

Ukomo ulitaja namba tu, njia ukawaachia mafundi. Nao walitenga pawasaplai ndogo ya kusubiri, wakaifundisha kupumzika: badala ya kukata umeme maelfu ya mara kila sekunde bila kukoma, inatoa mapigo machache, kapasita inajaa, inanyamaza, na volti zikishuka inaanza tena. Naupenda sana ufumbuzi huu kwa sababu mtumiaji hakupoteza chochote. Rimoti inaitikiwa vilevile.

Runinga ikiwa inawaka, kwenye pikseli, mambo ni magumu zaidi. Skrini ya 1080 ina pikseli milioni 2 hivi, ya 4K milioni 8, ya 8K milioni 33. Katika skrini ya LCD kila pikseli ina transista na nyaya zake zinazoziba mwanga, hivyo taa za nyuma hulazimika kuwaka kwa nguvu zaidi. Machi 2023 Ulaya iliziingiza runinga za 8K kwenye ukomo wa matumizi. Kwa kuwa kipimo hufuata mpangilio ambao runinga inatoka nao kiwandani, watengenezaji waliziuza zikiwa zimefifishwa, na mnunuzi akaachiwa menyu ya kuongeza mwanga. Hapo sheria ilijipunguzia meno.

Runinga ya wati 100 ikitazamwa saa 4 kwa siku hula uniti 146 kwa mwaka. Saa 20 za kusubiri kwa nusu wati hazifikishi uniti 4. Kwa hiyo dukani ulizia kwanza wati za runinga ikiwa inawaka.