Sasa, Zamani na Njeo: Kuitazama Upya Hoja ya Mbiti

Katika kitabu chake African Religions and Philosophy (1969), John Mbiti alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati ulikuwa na pande mbili tu: uliopita, ambao ni mrefu mno, na uliopo. Wakati ujao wa mbali haukuwamo akilini. Ushahidi aliutafuta katika vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Njeo za wakati ujao, alisema, hufika miezi sita hivi, na hazivuki miaka miwili. Kisha akaazima maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, yawe istilahi zake.

Wanafunzi wetu huirudia hoja hii kana kwamba ni kanuni. Afisa anayelalamika kuwa mkulima "hana kesho" naye huitegemea, hata kama hajakisoma kitabu chenyewe.

Tuanze na mkopo huo. Zamani ni neno la asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni wakati kwa jumla. Waswahili ndio walioliegemeza upande wa yaliyopita. Ama kuhusu yajayo, kiambishi -ta- hakina mpaka: twasema "atafika mtondogoo" na "Kiyama kitasimama" kwa njeo ile ile. Wataalamu wengi huona kuwa kiambishi hicho kimetokana na kitenzi -taka. Waingereza nao walijenga wakati wao ujao kwa kitenzi cha kutaka, na hapana aliyesema kwamba kesho ya Mwingereza huishia penye matakwa yake.

Itasemwa kuwa Kiswahili kimeathiriwa na Uislamu, kwa hiyo si kipimo cha jadi. Nakubali. Lakini pingamizi hilo linamrudia Mbiti mwenyewe, kwani akiri kwamba mafundisho ya wamisionari na elimu ya shule yaliurefusha wakati ujao wa Waafrika. Mafundisho hayo Mkamba aliyasikia kwa lugha gani? Kwa Kikamba, kwa vitenzi vile vile. Sarufi haikumkatalia.

Katika kitabu chake cha 1971 kuhusu mafundisho ya siku za mwisho, Mbiti anaeleza kuwa Wakamba waliutarajia ujio wa Kristo kama jambo la karibu sana, na sababu anaiona katika dhana yao ya wakati. Hapa ndipo ninaposhindwa kumfuata. Wakristo wa kwanza, walioandika kwa Kigiriki, lugha yenye njeo kamili ya wakati ujao, nao waliungoja ujio huo kwa namna hiyo hiyo. Lililowaunganisha si vitenzi, bali habari waliyoletewa na hali waliyoipokelea.

Kwame Gyekye alikwisha kumjibu Mbiti kwa ushahidi wa Kiakan mwaka 1987. Kwa upande wetu, linalohitajika ni uchunguzi wa njeo za Kikamba jinsi zinavyotumika katika mazungumzo: mahari inapopangwa, shamba linapogawiwa wana, mzee anapotoa wasia. Jedwali la vitenzi halitatuonyesha hayo.