Wito wa David Walker: Hoja au Kelele?

Msomaji anayekifungua kwa mara ya kwanza kitabu cha David Walker, Wito kwa watu weusi wa dunia, kilichochapishwa Boston mwaka 1829, huenda akakifunika upesi. Alama za mshangao zimerundikana mbili mbili na tatu tatu. Hoja hukatizwa ili mwandishi aomboleze au alaani. Ni rahisi kusema kwamba hiyo ni hamaki, si fasihi.

Hukumu hiyo haikutazama umbo. Walker, mtu huru mzaliwa wa Wilmington, North Carolina, aliyejipatia riziki kwa kuuza nguo za mitumba, amekipanga kitabu chake kwa dibaji na vifungu vinne, kwa kuifuata Katiba ya Marekani ya mwaka 1787. Katiba ile haikulitaja neno "mtumwa" hata mara moja, ingawa iliwahesabu watumwa watano kama watu watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi. Walker analitwaa jengo lile lile na kulitia ndani jina lililofichwa: utumwa, ujinga, wahubiri wanafiki, na mpango wa kuwahamishia Afrika watu weusi walio huru. Mwishoni anawasomea Wamarekani Azimio lao la Uhuru la mwaka 1776, na kuwauliza kama wanafahamu lugha yao wenyewe.

Na zile alama za mshangao? Walker alitaka wasiojua kusoma wasomewe. Kitabu hiki basi ni cha sikio kama kilivyo cha jicho. Alama zile humwelekeza msomaji mahali pa kupaza sauti.

Hata hivyo, kina dosari. Katika kifungu cha ujinga anataja habari ya gazetini: watumwa waliokuwa safarini waliasi, na mwanamke mmoja miongoni mwao akamsaidia mfanyabiashara aliyejeruhiwa kupanda farasi na kuokoka. Walker anakataa kwamba ile ilikuwa huruma. Anaiita hila ya kitumwa na ujinga. Hapo simfuati. Mwanamke yule hakupewa nafasi ya kujieleza, wala gazetini wala kitabuni. Mwandishi aliyewapa wengi sauti amemnyima huyu mmoja.

Wenye watumwa, kwa upande wao, hawakukiona kuwa kelele tupu. Mabaharia walipokifikisha kusini, Georgia na North Carolina zilitunga sheria kali dhidi ya maandishi ya namna hiyo, na kupiga marufuku kuwafundisha watumwa kusoma. Walker alifariki mwaka 1830, kitabu kikiwa kimekwisha kupigwa chapa mara tatu.

Walimu wenzangu, kazi tuifanyayo kila asubuhi kwa chaki na ubao, wengine waliiandikia adhabu. Yafaa madarasa ya juu wapewe ukurasa mmoja wa Walker, nao wausome kwa sauti kabla ya kuuhukumu.