Kazimoto Si wa Kuigwa

Kila kikundi cha waandishi chipukizi nilichopitia kina Kazimoto wake. Utamjua tu. Anakaa pembeni, salamu haitikii vizuri, na ukimwuliza kulikoni anakujibu kwamba maisha hayana maana. Mimi mwenyewe nilikuwa Kazimoto kwa miaka miwili, ndiyo maana nimeona niandike.

Kazimoto ni msimulizi wa Kichwamaji, riwaya ya marehemu Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Wengi wetu tunaisoma kama habari za kijana msomi aliyeshindwa kuishi na watu wasiofikiri kama yeye. Yuko chuo kikuu, anamhoji Mungu, anaihoji elimu, anaihoji ndoa, na mwishoni anajiua. Wahakiki wanasema huo ni udhanaishi. Sawa, siwapingi. Ninachopinga ni sisi vijana kuufanya udhanaishi huo fasheni, kama kofia.

Hebu turudi kwenye kitabu chenyewe. Manase, waliyefahamiana tangu utotoni, ni mkuu wa wilaya, na ndiye aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Kidonda hicho ni cha kweli, nani asingeumia? Lakini angalia Kazimoto anavyokitibu. Anapanga kulipiza kisasi kwa kupitia Sabina, dada yake Manase. Yaani binti wa watu ambaye hajamkosea kitu anageuzwa fimbo ya kumchapia kaka yake. Baadaye anampenda na kumwoa, lakini ndoa iliyoanza na hesabu ya namna hiyo ilikuwa na deni tangu siku ya kwanza.

Kwangu mimi, uzito wa riwaya uko hapo kuliko kwenye maswali yake makubwa kuhusu Mungu. Kazimoto anajua kufikiri juu ya watu. Kukaa nao ndiko kunakomshinda. Na kwa kuwa yeye ndiye anayesimulia, siri zake tunaambiwa sisi wasomaji, tukaona raha kama marafiki zake wa ndani. Sabina je? Tunamwona kwa macho ya mumewe tu. Laiti angepewa hata sura moja aseme lake! Kezilahabi hakukusudia tumpigie makofi kijana huyu. Jina la kitabu latosha: kichwa kilichojaa maji hakijapata kuwa sifa kwa Mswahili.

Sasa langu. Nilikuwa na rafiki tuliyesomeana hadithi tangu kidato cha tano. Mama yake alipofariki sikwenda msibani. Nilimwandikia kurasa tatu kuhusu kifo na utupu wa maisha, nikajiona nimesema jambo zito kweli kweli. Tulipokutana baada ya arobaini akaniambia, "Kaka, barua yako niliisoma. Ila siku ile tulikuwa tunatafuta mtu wa kubeba ndoo za maji." Basi. Hakunitukana, wala hakuongeza neno.

Nilirudi nyumbani nikafungua madaftari yangu. Kila hadithi ilikuwa na mhusika mmoja tu: mimi. Wengine walikuwa wanapita kama watu kwenye dirisha la basi, hawana njaa, hawana mama, hawajibu. Nilidhani tatizo langu ni lugha, kumbe sikuwa nimemsikiliza mtu yeyote kwa muda mrefu. Mwandishi asiyekwenda msibani atajuaje watu wanaongea nini kwenye mkeka usiku wa manane?

Msinielewe vibaya. Sisemi tusiwe na upweke wetu. Kuandika kunauhitaji, na maswali ya Kazimoto ni ya kweli. Lakini kununa si kufikiri. Na kama kweli maisha yamekulemea kama yalivyomlemea yeye, usimsimulie msomaji wa kubuni. Mwambie mtu, leo hii.

Kisomeni tena Kichwamaji, jamani. Ni kitabu kikubwa. Ila safari hii mnaposoma, kila Kazimoto anapozungumza ulizeni Sabina yuko wapi, na anafanya nini wakati huo.

Rafiki yangu tunasalimiana siku hizi. Mwezi uliopita nilimsaidia kuhamisha vitu, tukanywa chai chumba kikiwa bado na vumbi. Hadithi zake hajaanza kunisomea tena. Sijamwomba. Naendelea kwenda.