Unataka Inchi Ngapi? Swali Baya la Kunyanyua Pikapu

Ukienda kuulizia vifaa vya kunyanyua Hilux, muuzaji atakuuliza: "Unataka inchi ngapi?" Kosa linaanzia hapo. Sisi tuliingia mkenge huo. Gari letu la kwenda fildi lilikuwa linagonga mawe, tukatoa hela ya mafuta ya mwezi mzima kununua spesa za mbele na bloku za nyuma. Gari likasimama juu, tukapiga picha. Wiki ya pili difu ikagonga mawe yale yale.

Kwa nini? Chungulia chini ya gari. Nyuma, Hilux ina ekseli moja ngumu, na difu imekaa katikati yake. Ekseli hiyo inabebwa na matairi. Springi na bloku ziko juu yake, kwa hiyo zinachonyanyua ni bodi tu. Difu inapandishwa na tairi kubwa zaidi, basi. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, na difu inapanda nusu yake: milimita 13. Ni kidogo, lakini ni za kweli.

Mbele mambo ni tofauti. Mkono wa chini unaobeba gurudumu ni wenzo: shokapu imefungwa karibu na katikati, gurudumu liko mwishoni. Ndiyo maana spesa ya sentimita 2.5 juu ya shokapu inaweza kunyanyua gari karibu sentimita 5. Ujanja mzuri wa fizikia, na ni wa bei rahisi. Ila mchezo wa shokapu hauongezeki hata milimita moja, unasogezwa chini tu. Gurudumu likining'inia shimoni, jointi za ekseli za mbele zinapinda kupita kiasi. Mipira inayozifunika ikichanika, mchanga unaingia na jointi inakwisha.

Halafu kuna kupinduka, jambo ambalo boksi la vifaa halikwambii. Chukua nusu ya upana kati ya magurudumu, gawa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme 0.75 kwa 0.70: unapata 1.07. Nyanyua bodi sentimita 5. Kitovu kinapanda pungufu kidogo, tuseme 4, maana ekseli na matairi vimebaki palepale. Sasa ni 1.01. Kwenye mteremko wa ubavuni, kikomo cha nadharia kimeshuka kutoka kama nyuzi 47 hadi 45. Barabarani kikomo ni cha chini zaidi, kwa sababu springi na matairi yanalala upande. Na hapo hujapakia magunia, wala watu juu yake.

Sisemi kunyanyua ni upuuzi. Kama kinachogonga ni bampa au tumbo la gari, nunua springi na shokapu ndefu zinazoendana. Kama gari linakaa chini kwa mzigo, lipeleke kwenye mizani kwanza, kisha chagua springi kwa uzito unaoubeba kila siku. Springi ngumu kwenye gari tupu hurusha tairi, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Ukimaliza, pima alaimenti na hakikisha mipira ya breki haivutiki.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja inchi, chukua tochi, ingia uvunguni, utafute alama za mikwaruzo. Sisi tungeanza hapo, hela ya mafuta tungekuwa nayo.