Wahunzi wa Ufipa na Chuma Kisichoyeyuka

Mkulima wa Kasokola, mkoani Katavi, leo hununua jembe dukani, wala hana haja ya kumjua aliyelitengeneza. Zamani majembe yalitoka kwa wahunzi, na nyanda za Ufipa, kusini mwa mkoa huo, zilisifika kwa kazi hiyo.

Tanuri lao kubwa, ilungu, lilijengwa kwa udongo likafikia takribani mita 3. Halikupulizwa kwa mivukuto. Moto wenyewe ulivuta hewa kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini. Ndani walijaza mkaa na mawe ya chuma.

Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538 za Selsiasi. Ilungu halikufika huko. Lilitoa donge lenye matundu, limeshikana na mavi ya chuma. Donge hilo lilichomwa upya katika tanuri dogo, kintengwe, safari hii kwa mivukuto, kisha likapelekwa kwenye fuawe. Hapo mhunzi alitegemea jicho: chuma kikipoa, vipande havishikani; kikizidi moto, kinaungua. Nyundo ilikamua uchafu na kushikanisha vipande vikawa kimoja, bila kuyeyuka.

Wazo hilo la kuunganisha bila kuyeyusha linatumika hata leo: mwaka 1991 taasisi ya TWI ya Uingereza ilibuni uunganishaji wa metali kwa pini inayozunguka kwa kasi. Msuguano huilainisha metali, mgandamizo huiunganisha, nayo haiyeyuki. Matangi ya baadhi ya roketi huungwa hivyo.

Majembe ya viwandani yaliua soko la wahunzi katika karne ya 20. Malungu machache, yaani yale matanuri makubwa, bado yamesimama Ufipa. Yalindwe kabla mvua haijayamaliza.