Sekunde 0.6 na Kiswahili cha faulo

Muhula uliopita, katika somo la uandishi wa habari za michezo, niliwaonyesha wanafunzi dakika ya mwisho ya mechi moja ya mpira wa kikapu. Nilizima sauti ili wasimsikie mtangazaji wa Kiingereza, kisha nikamtaka kila mmoja aandike taarifa fupi kwa Kiswahili. Nilijiandaa kusahihisha ngeli na viambishi, kama kawaida yetu walimu. Ngeli hazikuwa mbaya. Kilichonishughulisha jioni nzima ni kwamba karibu kila karatasi niliyoifungua ilikuwa imekwisha kutoa hukumu kabla ya kueleza kilichotokea, na mwandishi mwenyewe hakujua kwamba amehukumu.

Mechi yenyewe ni nusu fainali ya vyuo vikuu vya Marekani, Virginia dhidi ya Auburn, iliyochezwa Minneapolis tarehe 6 Aprili 2019. Kwa msomaji asiyefuatilia mchezo huu, mambo yalikwenda hivi. Virginia walikuwa mbele kwa pointi 10, 57 kwa 47, zikiwa zimebaki dakika kama tano. Auburn wakafunga pointi 14 mfululizo bila kujibiwa, wakaongoza 61 kwa 57. Kyle Guy wa Virginia akatupia kikapu cha pointi tatu, Auburn wakaongeza moja kwa mtupo huru, ikawa 62 kwa 60. Zilipobaki sekunde 1.5 Virginia walirusha mpira kutoka nje ya uwanja, Guy akaupokea kwenye kona, akaruka na kutupa. Mpira haukuingia. Wachezaji wa Auburn walianza kushangilia, lakini mwamuzi alikuwa amekwisha kupuliza kipenga: Samir Doughty amemchezea faulo mtupaji. Saa ilionyesha sekunde 0.6. Guy alipewa mitupo huru mitatu, akaingiza yote, Virginia wakashinda 63 kwa 62. Siku mbili baadaye waliifunga Texas Tech 85 kwa 77 katika muda wa nyongeza, wakatwaa ubingwa.

Sasa turudi kwenye karatasi. Wengi waliandika kwamba Auburn "walinyang'anywa ushindi". Naielewa hisia hiyo. Ukikaa kwenye jukwaa la Lugogo timu mbili za vyuo zikichuana na kipenga kikalia mwishoni, utasikia "Batubbye!" kabla ddiifiri hajaonyesha hata mkono. Mwanafunzi aliyelelewa na kelele hizo anapofika kwenye karatasi ya Kiswahili huzitafutia kitenzi, na kitenzi kilicho karibu ni kunyang'anya. Lakini hunyang'anywi kitu ambacho si chako. Kitenzi hiki kimebeba ndani yake dai kwamba ushindi ulikuwa mali ya Auburn tayari, nayo saa ilikuwa haijaisha. Ndivyo ilivyo pia kwa "walinyimwa", kwa sababu anayenyimwa alistahili kupewa. Na "Virginia walibebwa", neno tamu la vijiwe vya soka vya Dar es Salaam na Nairobi, halina hata haya ya kujificha.

Kuna jozi nyingine iliyonivutia zaidi kwa kuwa ni ya sarufi tupu. Baadhi waliandika "Guy alichezewa faulo", wengine "Guy alipewa faulo". Yote mawili ni ya kutendwa, yote yanahusu nukta ileile ya saa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angedhani yanabadilishana nafasi. Hayabadilishani. Katika "alichezewa" kuna kiambishi cha kutendea kinachomwelekezea Guy tendo la Doughty: mwandishi anakiri kwamba kosa lilitendeka. Katika "alipewa" mtoaji ni mwamuzi, na Doughty ametoweka kabisa kwenye sentensi, msomaji akaachwa ashuku kuwa faulo ile ilikuwa zawadi. Tunafundisha kauli za vitenzi kwa majedwali, tenda, tendea, tendwa, tendewa, na mwanafunzi huzikariri vizuri hadi mtihani. Sikumbuki mimi mwenyewe kuwahi kuuliza darasani: ukichagua hii na kuiacha ile, umemshtaki nani?

Na faulo yenyewe ni nini? Hapa lazima niwe mkali kidogo kwa watangazaji ambao wanafunzi wetu huwaiga. Kuna wanaosema "madhambi". Neno hili limetokana na dhambi, na dhambi huhitaji nia. Doughty hakunuia kumuumiza mtu. Alikwenda kumzuia mtupaji, akafika kwa kasi kuliko ilivyofaa, mwili wake ukamgusa Guy aliyekuwa hewani. Tena sekunde chache tu kabla, Auburn walicheza faulo nyingine kwa makusudi kabisa, wakimshika Ty Jerome ili kula muda, kwa kuwa idadi ya faulo zao ilikuwa haijafikia kiwango cha kuwapa wapinzani mitupo huru. Dhambi gani hii ambayo timu inakuwa na akiba yake na kuitumia wakati unaoifaa? "Rafu" nayo ilikuja na maana ya ukali na fujo, inafaa kwa beki aliyekata miguu, haifai kwa mguso ambao wengi hawakuuona mpaka picha ziliporudiwa polepole. Kwa maoni yangu "faulo", pamoja na ukopaji wake ulio wazi, ndilo neno lisilomtukana mtu, na ni heri tulikubali.

Kanuni inayohusika haina utata mkubwa. Katika mpira wa kikapu, mchezaji aliyeruka ana haki ya kutua, na mpinzani haruhusiwi kuingia chini yake au kumsogelea akiwa hewani. Kanuni za kimataifa za FIBA, ambazo ndizo zinazotumika kwetu Kampala, humchora kila mchezaji kana kwamba yumo ndani ya bomba lililosimama wima, na nafasi iliyo ndani ya bomba hilo ni yake. Kanuni za vyuo vya Marekani zimeandikwa kivyake lakini wazo ni hilohilo. Ukiitazama picha kwa jicho hilo, Guy aliruka wima, Doughty alisogea. Mimi naiona kuwa ni faulo, na wasimamizi wa waamuzi nao waliutetea uamuzi huo baada ya mechi. Najua wapo wasomaji wa gazeti hili, tena wachezaji, watakaonisubiri ngazini wanipinge.

Lakini kuna jambo ambalo karatasi nyingi zililichanganya. Kabla ya Jerome kushikwa, mpira ulimgonga mguuni, akaushika kwa mikono miwili, kisha akaendelea kuudunda. Hilo ni kosa, na lingewapa Auburn mpira na bila shaka mechi. Hakuna kipenga kilicholia. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba "mwamuzi alikosea faulo mbili". La. Kudunda upya si faulo, kwa sababu hakuna aliyeguswa. Ni ukiukaji wa kanuni, na mchezo wenyewe hutenganisha aina hizo mbili kwa makini, kwa adhabu tofauti. Tukiyaita yote "kosa" au yote "faulo" tunalizika lile lalamiko lenye nguvu ndani ya lile lililo dhaifu. Haki ya Auburn kulalamika, nionavyo, iko hapa, kwenye kipenga kisicholia, wala si kwenye kile kilicholia. Na Kiswahili cha darasani kwetu hakikuwa na njia ya kulisema hilo, kwa kuwa macho ya kila mmoja yalikuwa kwenye filimbi.

Hapo ndipo msemo mwingine unapoanza kuyumba, ule wa "mwamuzi angewaachia wachezaji waamue wenyewe". Ulisikika tena tarehe 26 Machi 2023, San Diego State walipopewa mitupo huru dhidi ya Creighton zikiwa zimebaki sekunde 1.2, matokeo yakiwa sare, wakashinda 57 kwa 56. Ulisikika kwa sauti kubwa zaidi tarehe 5 Aprili 2024 katika nusu fainali ya wanawake, Iowa dhidi ya UConn. UConn walikuwa nyuma kwa pointi moja wakiwa na mpira. Zilipobaki sekunde 3.9 Aaliyah Edwards aliadhibiwa kwa kusogea alipokuwa akimzibia njia mlinzi Gabbie Marshall, mpira ukaenda kwa Iowa, mwisho ukawa 71 kwa 69. Wanaosema waachiwe waamue wenyewe hudhani kwamba kutopuliza si kuamua. Mbona kule Minneapolis kutopuliza kuliamua zaidi ya kupuliza? Kama mguso huo ni faulo dakika ya tatu, sioni ni kanuni gani inayousafisha dakika ya arobaini. Nakiri hata hivyo kwamba ule wa Edwards ulinikereketa. Mara nyingi kusogea kwa kiasi kile huachwa kupita, na mchezaji ana haki ya kuhukumiwa kwa kipimo alichokizoea tangu mwanzo wa mechi.

Waganda tunaukumbuka mji wa Munich kwa sababu ya John Akii-Bua, aliyeshinda mbio za mita 400 kuruka viunzi tarehe 2 Septemba 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Wiki moja baadaye, katika michezo hiyohiyo, fainali ya mpira wa kikapu ya wanaume iliishia kwenye sekunde tatu zilizorudiwa mara mbili, Wasovieti wakawashinda Wamarekani 51 kwa 50. Jopo la rufaa lilipiga kura 3 kwa 2, na Wamarekani wakakataa medali za fedha. Kwa upande mmoja wa dunia hadithi hiyo ilisimuliwa kwa kitenzi cha kuiba, kwa upande mwingine kwa kitenzi cha kushinda, ilhali saa ya Akii-Bua haikuhitaji kitenzi cha mtu yeyote.

Kwa nini nalipigia kelele zoezi la darasani? Kiswahili kiliingizwa katika katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi hawa ndio watakaokwenda kukifundisha huko, na wengine wao wataandika habari za mahakama na polisi. Anayeandika leo "walinyang'anywa" bila kujiuliza ndiye atakayeandika kesho "mwizi huyo alifikishwa mbele ya hakimu", akidhani tofauti kati ya mwizi na mshtakiwa ni ya mapambo. Vitabu tunavyofundishia vina shairi, methali, barua ya kuomba kazi na insha ya siku niliyoisubiri kwa hamu. Taarifa ya tukio linalobishaniwa, lenye pande mbili na ushahidi unaotazamika, haimo. Nimetafuta.

Karatasi niliyoipa alama ya juu kabisa haikuwa na utamu wowote. Ilisema: "Guy aliruka na kutupa. Doughty alimgusa kabla hajatua. Mwamuzi alipuliza kipenga, zikiwa zimebaki sekunde 0.6. Mapema kidogo Jerome alikuwa ameudunda mpira upya, na mwamuzi hakupuliza." Vitenzi vya kutenda, kila kimoja na mtendaji wake, na neno faulo halimo kabisa. Mwandishi wake alikuja ofisini kuuliza kwa nini nimempunguzia alama mbili. Nilimwonyesha kwamba alisahau kutaja nani alishinda. Akacheka, akasema alidhani kila mtu anajua.

Muhula huu tutachukua ile ya Iowa na UConn, sauti ikiwa imezimwa vilevile. Wenzangu wa madarasa ya fonolojia na fasihi wanaotaka kukaa nyuma wakaandika nao wanakaribishwa, mradi wakabidhi karatasi zao zisahihishwe kama za wengine.