Aliyekata kamba hakuwa askari

Nianze na makofi, maana ndiyo yaliyoninyima usingizi. Mliokuwa ukumbini Jumamosi ile mnakumbuka onyesho la nne la igizo lile la Wangoni: mwaka ni 1897, Wajerumani wameshafika Songea kujenga boma. Askari anapanda jukwaani, anachomoa kisu kiunoni, anamwendea yule kijana wa Kipangwa aliyefungwa nguzoni tangu onyesho la pili, anakata kamba. Taa inammulika kijana usoni. Ukumbi mzima makofi. Hata mimi, na mvi hizi, viganja vyangu viligongana mara mbili kabla akili haijafika.

Mwongozaji alipata alichokitaka, na hapo ndipo alipokosea. Angekuwa hajui kazi ningenyamaza. Anajua. Ile taa iliyomfuata kijana polepole, ule ukimya wa ngoma kabla kamba haijakatika, hizo si kazi za mwanagenzi. Mtu mwenye ufundi wa namna hiyo akikupa kisu, lazima uulize kwa nini amekiweka mkononi mwa yule na si wa mwingine.

Yaliyo mazuri niyamalize hapa hapa. Watoto waliimba vizuri, mama aliyecheza mke mkubwa wa nkosi, yaani mfalme, ni hodari, na mavazi ya manduna, wakuu walio chini yake, yalishonwa kwa adabu, tofauti na vile vitambaa vya chui vilivyochapwa kiwandani ambavyo nimevipigia kelele tangu magoti yangu yakiwa mazima.

Sasa turudi nguzoni. Kwa kalenda ya igizo lenyewe, onyesho la pili ni 1878, vita vya Wangoni na Wahehe vinaanza. Onyesho la nne ni 1897. Hesabuni: kijana amekaa kwenye nguzo miaka 19. Alikuwa anakula nini? Nani alikuwa anamlisha, na kwa faida gani? Watu wawili nyuma yangu walicheka nilipouliza kwa sauti, lakini sikuwa na utani. Swali la chakula ndilo linaloangusha jengo zima.

Wangoni walikuwa wachache. Kila mtoto wa shule hapa anajua safari: Zwangendaba anatoka kusini na watu wake, anavuka Zambezi tarehe 20 Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, anapanda kaskazini hadi Ufipa, anafia huko, watu wanagawanyika, na kundi la akina Zulu Gama na Mbonani Tawete linaishia huku kwetu. Zikawa falme mbili: Njelu kusini, Mshope kaskazini. Msafara ule ulikuwa unapungua kwa njaa, maradhi na vita kila mwaka, na bado ulifika ukiwa mkubwa kuliko ulivyoondoka. Uliongezeka kwa watu waliotekwa njiani. Ukimfunga mateka nguzoni umepoteza watu wawili: yeye, na yule unayemweka amlinde.

Ndiyo maana mateka hakufungwa akasahauliwa. Aliingizwa nyumbani. Aliyemteka, au mkubwa aliyegawiwa, alimpeleka kwenye kaya yake, na ndani ya kaya akawekwa chini ya nyumba ya mke fulani, akala kwenye chungu cha nyumba ile. Bwana wa kaya akawa baba yake kwa kumwita. Wengi wakavaa na jina la ukoo wa bwana. Mvulana alianza kwa kubeba mikeka na chakula cha wakubwa waendao vitani, akajua njia, akajua amri, kisha siku moja akapewa ngao na mkuki mfupi akasimama na rika lake. Akirudi na mateka wake mwenyewe, naye ana watu. Akiendelea kupata watu, anakuwa mkubwa wa kaya, mwenye sauti kwenye baraza. Aliitwa msutu alipofika, na jina lile lilikuwa na harufu, sikatai. Lakini kaya ilimvuta kuelekea ndani, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo iliyokuwa shule ya Ungoni: haikuwa na mwalimu wala jengo, ilikuwa na zizi, bweni na vita.

Kuhusu bweni, mwongozaji alikuwa na kila sababu ya kulitumia, akaliacha. Margaret Read aliishi na ndugu zetu wa Malawi, na kitabu chake cha 1959 kinaeleza mvulana wa Kingoni alivyotolewa mikononi mwa wanawake akiota meno ya pili, akapelekwa kulala na wavulana wenzake. Juzi alikuwa anabembelezwa, leo anatumwa na kaka wakubwa, anachunga, anapigana na wenzake, anajifunza kunyamaza. Hebu wazeni hilo jukwaani! Mtoto wa mkubwa na mtoto aliyetekwa Upangwa, usiku mmoja, mkeka kwa mkeka, wote wanalia kimya kimya kwa ajili ya mama. Onyesho hilo halihitaji hata nguzo.

Najua kuna watakaosema mbona jamii zote za vita zilitesa mateka. Ndiyo, lakini si kwa namna moja, na tofauti ndiyo utamu wa kazi. Chukueni Waazteki wa Meksiko, ambao vijana wetu wamewajua kwa michezo ya kompyuta. Tenochtitlan nako kijana alipanda cheo kwa kuteka watu akiwa hai, kama huku. Nako kulikuwa na nyumba za vijana, telpochcalli kwa watoto wa watu wa kawaida, calmecac kwa watoto wa wakubwa hasa na watakaokuwa makuhani. Kodeksi ya Mendoza inachora hata chapati za mahindi alizopewa mtoto kwa kila umri: nusu akiwa na miaka mitatu, moja na nusu akifika sita, mbili akiwa na kumi na tatu. Ila mateka wao wa vita alipandishwa ngazi za hekalu, akaishia juu. Mateka wa Ungoni alipelekwa jikoni kwa mama. Mwongozaji wetu amechukua mateka wa Ungoni akamfanya hata Mwazteki asimtambue: hakuuawa, hakulishwa, hakukua, amekaa tu anamsubiri Mzungu.

Mnataka ushahidi kwamba msutu alipewa mkuki? Nendeni Kilombero mkawaulize Wambunga asili yao. Watakwambieni Undendeule. Ni watu waliofundishwa vita na Wangoni, wakawageuka, wakaondoka kuelekea kaskazini, wakaliteka bonde lile kwa mbinu zile zile. Mtu aliyefungwa nguzoni hatoki akaanzisha utawala Ifakara.

Ushahidi wa pili mnao midomoni. Kingoni tunachozungumza hapa Songea si lugha ya Zwangendaba. Ile ya kusini imebaki kwenye salamu ya bayete, kwenye vyeo na majina ya koo. Lugha ya kila siku, ya kuombea chumvi na kumgombeza mtoto, ni ya wenyeji wa huku, ni jamaa ya Kindendeule na Kimatengo. Iliingiaje hadi kwenye nyumba za wakubwa? Kwa akina mama waliotekwa. Bwana alishinda vita, akaoa, na watoto wake wakajifunza kusema kwa mama. Angalia jikoni, utaona nani alimmeza nani. Mke mkubwa kwenye igizo, yule hodari niliyemsifu, aliandikiwa maneno sita tu, na mawili kati yake ni kuagiza ugimbi.

Sasa niwe mkweli, maana kuna wazee wataninyooshea kidole. Kamba zilikuwepo. Mwaka 1882 Magwangwara, kama Wangoni walivyoitwa huko, walivamia misheni ya Masasi na kuondoka na watu. Mfanyabiashara Rashid bin Masoud alikuwa na kituo chake Kikole, na pembe za ndovu hazikwenda pwani peke yake. Watu waliuzwa. Mwongozaji angetaka kuonyesha hilo ningempigia makofi kwa hiari yangu: aonyeshe mkubwa akichagua, huyu abaki kwenye kaya, huyu aende Kikole. Uchaguzi ule ni mzito kuliko kamba yoyote. Lakini yeye hakutaka biashara. Alitaka nguzo, kwa sababu nguzo inakubali kukatiwa kamba.

Na mkataji kumfanya askari! Wajerumani walipoingia nchi hii walijitangaza kwao kuwa wanakuja kukomesha utumwa. Hilo ndilo lililosemwa Berlin kupata fedha na ruhusa. Miaka zaidi ya mia baadaye tunalicheza sisi wenyewe, Songea, bila kulipwa. Tena askari gani? Jeshi lao la kwanza, la Wissmann, mwaka 1889 lilijaa Wasudani walioajiriwa Misri, na wengi wao walikuwa wameingia jeshini kwa njia ya kutekwa na kuuzwa. Kuna igizo zuri sana limejificha hapo, la mateka aliyevaa kofia nyekundu akimtazama mateka mwenye ngao. Halikuandikwa.

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa hapa, akasimama kwenye makumbusho yetu ya Majimaji, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na nchi yake. Sisi tunampigia makofi askari mwenye kisu.

Kosa la kamba halikuishia onyesho la nne. Liliharibu la tano na la sita, na wengi hamkuliona kwa kuwa mlikuwa mnatazama moto. Mwaka 1905 maji ya dawa ya vita vya Majimaji yalipofika Ungoni yakiletwa na Kinjala, si kila mtu alishika mkuki kwa ari ile ile. Patrick Redmond, aliyechunguza siasa za Ungoni kwa kina, anaonyesha kwamba vita vile viliwauma zaidi wakubwa, waliokuwa wamenyang'anywa mamlaka, ushuru na watu wao na boma. Wasutu wengi walisita. Waliangalia huku na huku, wakapima. Wengine walipigana, wengine walibaki. Huo ndio moyo wa hadithi, jamani: watu waliofanywa Wangoni kwa nusu wakiulizwa, kwa mara ya kwanza, kama wao ni Wangoni kamili. Lakini ukishamfunga mtu nguzoni na kumfungua kwa kisu cha askari, hana cha kupima. Ana deni tu. Ndiyo maana kijana wetu kwenye onyesho la sita alisimama kando akitazama watu 67 wakinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na uso wake haukuwa na kitu. Watu walimlaumu mwigizaji. Msimlaumu. Mlitaka aweke nini usoni?

Shambulio la Nigmann, afisa wa Kijerumani, alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1905, lililovunja jeshi la Njelu, lilichezwa kwa moshi na baruti za sherehe. Sawa.

Nilikwisha sema mwaka juzi, na nasema tena, kwamba tangu Ebrahim Hussein alipotuandikia Kinjeketile mwaka 1969 tumekuwa tunaiga kelele zake na kuacha ujanja wake. Hussein hakumleta Mjerumani kuwaokoa watu na uhasama wao wa kimakabila. Aliwaacha wenyewe kwa wenyewe jukwaani, na maneno mazito. Mwaka huo huo Mapunda na Mpangara walichapisha utafiti wao wa Majimaji Ungoni, uliokusanywa kwa wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Kijitabu chembamba. Mwongozaji anaweza kukimaliza ndani ya basi kabla hajafika Njombe. Padre Elzear Ebner wa Peramiho naye alikwisha kuziorodhesha koo, asubuhi moja ya kusoma ingetosha.

Marehemu mwalimu wangu wa maigizo, ambaye hakupenda kutajwa alipokuwa hai na sitamtaja sasa, alifanya onyesho hili hili na wanafunzi kumi na moja, bila taa, na ngao moja. Moja tu. Ngao ilianza mikononi mwa nduna, ikaenda kwa mwanawe, mwanawe akauawa, mateka akaiokota. Hakuna aliyesema neno. Mateka aliishika vibaya, kwa mkono wa kulia. Mama wa kaya akaja akaigeuza, akaiweka kushoto. Basi. Tulijua tumeona mtu akizaliwa upya na mtu akipotea, na hakuna aliyepiga makofi, tulikaa tu. Ukumbi ulikuwa na bati lililotoboka, mvua ikatunyeshea, hakuna aliyeondoka.

Tazameni hata mji wetu. Haukuitwa jina la nkosi. Haukuitwa Mputa wala Gama. Umeitwa Songea, jina la nduna, Songea Mbano, ambaye hakuwa wa ukoo wa kifalme, na ambaye jina lake lilikua hadi likafunika la bwana wake. Tunalala na kuamka ndani ya mfano wa jinsi Ungoni ilivyompandisha mtu, kisha tunakwenda ukumbini kuambiwa kwamba chini ya wale wakubwa kila mtu alikuwa amegandishwa mahali alipofungiwa.

Nasikia igizo linakwenda Mbinga mwezi ujao, kisha Namtumbo. Namtumbo! Kwa Wandendeule wenyewe. Mwongozaji akitaka ushauri wa bure, asibadilishe hata mchezaji mmoja. Onyesho la pili, baada ya wimbo wa watoto, yule mama hodari atoke jikoni na kisu cha kumenyea mihogo. Akate kamba yeye. Asitabasamu, ampe kijana mzigo wa kuni abebe. Kuanzia hapo kijana awe na miguu, akue, apewe ngao, na askari wa 1897 akipanda jukwaani amkute amesimama. Taa ni ile ile, kijana ni yule yule.

Na zile ngoma tatu kubwa nyuma ya manduna zitolewe. Ndugu zetu wa Malawi na Zambia hadi leo wanacheza ingoma yao kwa miguu na ngao bila ngoma hata moja, na ardhi inatikisika. Nimelisema hili tangu ukumbi ule ukiwa na viti vya mbao.